Nguvu na Gofu: Historia ya Herufi Moja yenye Sauti Nyingi katika Miswada ya Kiswahili

Utangulizi

Katika maandishi ya Kijapani kuna alama moja, 生, ambayo wanafunzi wa lugha hiyo huionea taabu kuliko alama nyingine nyingi. Asili yake ni Uchina. Wajapani walipoiazima pamoja na maelfu ya alama nyingine, kuanzia takriban karne ya 5, waliazima sauti ya Kichina kama masikio yao yalivyoisikia. Kisha wakaipachika alama hiyo hiyo juu ya maneno ya Kijapani yaliyokuwapo tangu zamani. Kwa hiyo leo 生 husomwa *sei* ndani ya neno lenye maana ya mwanafunzi, *shō* ndani ya neno lenye maana ya maisha mazima ya mtu, na *nama* inapotaja kitu kibichi ambacho hakijapikwa. Ikifuatwa na herufi nyingine inaweza kuwa *ikiru*, kuishi, *umareru*, kuzaliwa, au *haeru*, kuota kwa mmea. Sauti zinatofautiana kabisa, lakini maana hazitawanyiki mbali: zote zinazunguka kiini cha uhai, uzawa na ubichi.

Fasihi ya Kiswahili nayo ina kisa cha alama moja yenye masomo mengi, ila kisa hicho kimekaa kinyume. Katika miswada ya kale iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, herufi moja iliweza kubeba sauti mbili, tatu au zaidi, na kila sauti ilipobadilika maana nayo ilihama moja kwa moja. Alama ya Kijapani hushika maana na kuiachia sauti. Herufi ya mswada wa Kiswahili haikushika mojawapo kikamilifu. Swali linalozuka ni hili: ikiwa si herufi, ni nini basi kilichoshika maana ya shairi kwa muda wa karne nyingi? Na kilichoishika kilipolegea, nani alikabidhiwa kazi hiyo?

Makala haya yanajadili swali hilo kwa kufuata historia ya herufi chache, hasa *ba*, *ghaini* na *fa*. Hoja inayotetewa ni kwamba mswada wa Kiswahili haukuwa matini kamili, bali ulikuwa nusu ya matini. Nusu ya pili ilikaa katika kinywa cha msomaji, katika mizani na vina, na katika ujuzi wa jamii. Kwa hiyo kila toleo lililochapishwa kwa hati ya Kirumi ni usomaji mmoja uliochaguliwa kati ya masomo yaliyowezekana, wala si nakala ya mswada. Mhakiki asiyelitambua hilo huweza kumhakiki mhariri akidhani anamhakiki mshairi.

Herufi 28 na Sauti Zilizobaki Nje

Abjadi ya Kiarabu ina herufi 28, na alama tatu za irabu fupi: fataha, kasra na dhumma. Kiswahili kina irabu tano. Hapo tu upungufu unaonekana: kasra ikabidi ihudumie *i* na *e*, na dhumma ihudumie *u* na *o*. Kwa upande wa konsonanti, Kiarabu hakina *p*, *ch*, *v*, *ny* wala *ng'*. *G* ya Kiswahili haina herufi yake katika abjadi hiyo. Na vikundi vya *mb*, *nd*, *nj*, *ng*, *nz* na *mv*, ambavyo kwa Mswahili ni sauti za kawaida kabisa, havikutarajiwa na waliounda hati hiyo.

Waandishi wa pwani walitatua tatizo hilo kwa njia ya ujirani wa sauti. Kila sauti isiyokuwa na herufi ilipelekwa kwa herufi iliyokaribiana nayo mahali pa matamshi. *Ba* ikapokea *b*, *p* na *mb*. *Fa* ikapokea *f*, *v* na *mv*. *Ghaini* ikapokea *gh*, *g*, *ng* na *ng'*. *Shini* ikabeba *sh* na *ch*. *Jimu* ikabeba *j* na *nj*. *Dali* ikabeba *d* na *nd*. *Ya* ikabeba *y* na *ny*. Desturi haikuwa moja kila mahali. Wapo waandishi waliokiandika king'ong'o waziwazi kwa *mimu* au *nuni*, na wapo waliokiacha. Wakati mwingine mwandishi yule yule alikiandika ukurasa huu na kukiacha ukurasa wa pili. Lakini mwelekeo wa jumla ulikuwa ni kuacha.

Athari yake inadhihirika katika mifano michache. Andika *ba* yenye fataha, alifu ya kuvuta, kisha *ba* nyingine yenye fataha. Umbo hilo linaweza kusomwa *baba*, *papa*, *pamba* au *bamba*: mzazi, samaki mkali wa baharini, zao la shambani, na kipande cha madini. Badili fataha kuwa kasra, na alifu kuwa *ya*, upate umbo linalosomeka *bibi* na pia *pembe*. *Fa* yenye kasra ikifuatwa na *ta* yenye dhumma ni *vitu*, lakini pia ni *fito*. *Fa* na *mimu*, zote zikiwa na dhumma, ni *fumo*, jina la mkuki na la cheo cha wafalme wa kale, na pia ni *vumo*, mvumo wa sauti unaotoka mbali.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa *ghaini* na *fa*, zote zikiwa na dhumma. Umbo hilo husomwa *nguvu*. Husomwa pia *gofu*. Neno moja linataja uwezo, na la pili linataja jengo lililobakia kuta baada ya paa kuporomoka na wenyewe kutoweka. Mfano huu haukutolewa katika ubeti wowote mahususi. Umetajwa kwa sababu unaonyesha ukubwa wa pengo. Katika fasihi iliyotafakari sana kuanguka kwa Pate na miji jirani yake, maandishi hayakuwa na njia ya lazima ya kutenganisha nguvu na magofu yake. Aliyetenganisha ni msomaji.

Barua, Tendi na Msomaji Aliyekwisha Kujua

Ni rahisi kuuita mfumo huu kasoro. Wamisionari na maofisa wengi wa Kizungu wa karne ya 19 waliuita hivyo, na hoja ya kwamba hati ya Kiarabu haikifai Kiswahili ikatumiwa kutetea hati ya Kirumi, ambayo nayo ilikuwa na sababu zake za kidini na za kiutawala. Lakini historia ya matumizi yake haiungi mkono hukumu hiyo moja kwa moja. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, ambazo zilihifadhiwa katika nyaraka za Goa, zinaonyesha kwamba hati hii ilifanya kazi za siasa na mawasiliano kwa uhakika. Watu hawatumi barua wanazojua hazitaeleweka. Ujerumani ilipoanza kutawala sehemu ya pwani, C. G. Büttner alichapisha mwaka 1892 mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kwa sababu mgeni aliyetaka kufanya kazi pwani alilazimika kujifunza kusoma yale ambayo wenyeji walikuwa wakiandikiana kila siku.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba ufumbuzi ulikuwapo karibu. Waajemi walikuwa wameongeza nukta kwenye herufi za Kiarabu ili kupata *p* na *ch*, na kistari juu ya *kafu* ili kupata *g*. Mabaharia, wafanyabiashara na vitabu kutoka Uajemi na Bara Hindi havikuwa vigeni Lamu, Mombasa wala Zanzibar. Hata hivyo waandishi wengi wa tendi hawakuona haja ya kuzitumia herufi hizo. Kutokuzitumia hakukutokana na ujinga. Mwandishi alimwandikia mtu aliyekwisha kujua Kiswahili, na mara nyingi aliyekwisha kulisikia shairi lenyewe. Maandishi yalikuwa kumbukumbu ya sauti, kama vifundo katika kamba vinavyomkumbusha mwenyewe hesabu anayoijua.

Hali hiyo ilipatana na namna tendi zilivyoishi. Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na Bwana Mwengo wa Athumani wa Pate na mwaka 1728, ni utungo wa kusimuliwa mbele ya watu kwa sauti. Utendi ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye mwaka 1858 ni wasia, na wasia hukaririwa na kuhifadhiwa moyoni kabla ya kuwekwa sandukuni. Katika mazingira kama hayo, msomaji hakuyaendea maandishi akiuliza, "Hapa pameandikwa nini?" Aliyaendea akiuliza, "Hapa ni wapi?" Tofauti ya maswali haya mawili ni kubwa, na ndiyo iliyoiwezesha *ba* moja kubeba mizigo mitatu bila ya kuanguka.

Mizani na Vina: Ulinzi na Mipaka Yake

Haifai, hata hivyo, kusema kwamba kila kitu kiliachiwa kumbukumbu. Ushairi wenyewe ulikuwa na vyombo vya kumsahihisha msomaji. Vyombo hivyo ni mizani na vina, na inafaa kuvipima kimoja kimoja ili kuona vinafika wapi.

Katika utendi kila kipande kina mizani 8. Vipande vitatu vya mwanzo wa ubeti hushirikiana kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachofululiza kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mizani hugundua king'ong'o kinachosimama chenyewe. Mfano mashuhuri ni *mbuni*. Akikusudiwa ndege mkubwa asiyeruka, *mb* ni sauti moja na neno lina mizani mbili. Ukikusudiwa mti wa kahawa, *m* hubeba mizani yake na neno huwa na mizani tatu. Tofauti hii haionekani katika hati ya Kiarabu, na haionekani katika hati ya Kirumi pia. Mshororo wa utendi unaionyesha, kwa sababu aliyekosea atajikuta ana mizani 7 au 9. Katika hili shairi linasoma kwa usahihi kuliko abjadi zote mbili.

Lakini mizani ina upofu wake. *Papa*, *baba*, *pamba* na *bamba* yote yana mizani mbili. King'ong'o kilichofungamana na konsonanti hakiongezi mizani hata moja. Kwa hiyo kipimo kinapita juu yake bila ya kukigusa. *Nguvu* na *gofu* nayo ni sawa kwa kipimo hicho.

Vina vinasaidia pale mizani inaposhindwa, kwa sharti moja: neno liwe mwishoni mwa kipande. Neno lenye umbo la utata likisimama pamoja na maneno mawili ambayo kwa hakika yanaishia kwa *-pa*, basi ni *papa* na si *baba*. Likisimama pamoja na *nyumba* na *jumba*, basi linaishia kwa *-mba*. Maneno ya vina ni mashahidi wanaothibitishana. Hata hapo, shahidi hasemi kila kitu, maana kina cha *-mba* hakiwezi kuamua kati ya *pamba* na *bamba*: kinailinda silabi ya mwisho na kuiacha ya kwanza. Tena upo uwezekano wa maneno yote matatu kuwa na utata uleule, na hapo mashahidi wote huwa wamenyamaza kwa pamoja.

Kutokana na uchambuzi huu inawezekana kuchora ramani ya hatari. Mwisho wa kipande ni mahali salama zaidi, kwani silabi ya mwisho inalindwa na vina. Katikati ya kipande hakuna ulinzi ila maana yenyewe. Na maana ndiyo inayotafutwa. Msomaji anayeitumia maana kuchagua sauti, kisha anaitumia sauti hiyo kuthibitisha maana, anazunguka katika duara. Kwa mwenyeji aliyelisikia shairi, duara hilo lilivunjwa na sikio. Kwa mhariri aliyekaa mbali, halikuwa na mahali pa kuvunjikia.

Kutoka Kinywani hadi Chapani

Mwishoni mwa karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20, nusu ile ya matini iliyokuwa kinywani ilianza kuhamishiwa kwenye chapa. Aliyeifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa huko Mombasa alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Mwalimu Sikujua alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, wakati ambapo bado walikuwapo wazee walioyahifadhi. Alishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na jina lake linahusishwa na jitihada za kuitengeneza hati ya Kiarabu ili iandike sauti za Kimvita kwa ukamilifu zaidi. Umuhimu wake kwa mjadala huu hauhitaji kutiwa chumvi. Yeye hakuwa akikisia kama *ba* fulani ni *p* au *mb*. Alikuwa ameisikia.

Si matini zote zilizobahatika hivyo. Taylor aliuandaa utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ukatoka mwaka 1915 ndani ya kitabu cha C. H. Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili. William Hichens aliutoa tena mwaka 1939. James de Vere Allen alitoa toleo la tatu mwaka 1977. Hichens, pamoja na Alice Werner, ndiye aliyechapisha pia wasia wa Mwana Kupona mwaka 1934, na mwaka 1940 ikatoka Diwani ya Muyaka chini ya jina lake. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilitegemea miswada na barua kutoka pwani. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati nzuri, alinakili miswada kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, akiwamo Ernst Dammann aliyefika Lamu miaka ya 1930. Mbarak Ali Hinawy wa Mombasa alikuwa msaada mwingine wa Hichens.

Inastahili kuitazama kwa makini nafasi ya mtu kama Kijuma. Aliandika kwa hati iliyomtaka msomaji ajue kabla ya kusoma, lakini sasa wasomaji wake walikuwa watu wasiojua. Mkataba wa kale kati ya mwandishi na msomaji ulikuwa umevunjika, na hati ilikuwa ingali ile ile. Kila herufi ambayo Lamu isingehitaji maelezo, London au Hamburg ilihitaji uamuzi. Uamuzi ukichapishwa kwa herufi za Kirumi, haukuacha alama ya kwamba ulikuwa uamuzi. Palipokuwa na masomo manne, pakabaki moja, na hilo moja likavaa sura ya asili.

Lahaja ziliongeza safu nyingine ya utata. Msomaji wa Mombasa husema *ndia* pale wa Unguja asemapo *njia*. Wa Lamu husema *moya* pale wengine wasemapo *moja*. Mswada uliotungwa Pate, ukanakiliwa Mombasa na kuhaririwa na mtu aliyejifunza Kiunguja, umepita katika vinywa vitatu. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kukichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha kuanza kazi mwaka 1930, kishawishi cha kusoma kila neno kwa sikio la usanifu kiliongezeka.

Wakati huo huo, hati ya Kiarabu haikukaa ikisubiri kufa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliitumia katika magazeti yake, Sahifa la mwaka 1930 na Al-Islah la mwaka 1932, kuwahutubia Waislamu wa kawaida juu ya elimu, uchumi na mwenendo. Gazeti si utendi. Msomaji wake hajawahi kulisikia kabla. Habari yake ni mpya. Kwa hiyo haja ya herufi zilizotenganisha *p* na *b*, *v* na *f*, ilikuwa kubwa zaidi katika gazeti kuliko ilivyowahi kuwa katika shairi. Hapa inadhihirika kwamba utata wa hati ya kale haukuwa tabia ya kudumu ya hati yenyewe. Ulitokana na aina ya usomaji. Usomaji ulipobadilika, nukta nazo zilitafutwa.

Msomaji wa Ndalu

Katika zama hizi msomaji wa kawaida wa tungo hizi haketi Lamu. Yuko popote Kiswahili kinapofundishwa, na huenda akawa mwanafunzi wa Ndalu, kati ya Kitale na Bungoma, mamia ya kilomita kutoka baharini, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya shule na ya soko, na Kibukusu ni lugha ya nyumbani. Anazikuta beti za kale katika hati ya Kirumi, zimenyooshwa na kupangwa. Hana sababu ya kushuku kwamba chini ya neno analolisoma kuna umbo lililowahi kukubali neno jingine.

Hata hivyo msomaji huyo si mgeni wa jambo hili kama inavyodhaniwa. Jina la mahali pake lingeandikwa na mwandishi wa kale wa pwani kwa *dali* na *lamu*, zote zikiwa na dhumma au fataha zinazostahili, nalo lingesomeka Dalu, Ndalu, Dalo au Ndalo. Msafiri aliyewahi kufika hapo asingebabaika. Asiyewahi kufika angekuwa na miji minne. Aidha, katika Kibukusu herufi *b* ya Kirumi haitamkwi kama *b* ya Kiswahili. Katika jina Babukusu ni kikwamizo laini cha midomo miwili. Katika neno *embwa*, yaani mbwa, baada ya king'ong'o, ni kipasuo. Herufi ni moja, sauti ni mbili, na hakuna Mbukusu anayekosea, kwa sababu ameijua lugha kabla ya kuijua herufi. Tena neno *papa*, ambalo kwa Mswahili ni samaki wa kuogopwa, kwa Mbukusu ni baba. Umbo lile la *ba* mbili, ambalo mhariri wa Ulaya alilazimika kuliamua kwa kamusi, kwa mwanafunzi huyu lingeleta mzazi kwa njia zote mbili.

Mfano huu una uzito katika hoja. Unaonyesha kwamba hati ya Kirumi haikuuondoa utata, iliuhamisha tu. Kiswahili cha Mombasa hutenganisha *kaa* la moto na *kaa* wa baharini, *paa* la nyumba na *paa* wa mwituni, kwa pumzi inayofuata konsonanti ya mwanzo katika majina ya wanyama hao. Kiswahili sanifu hakiandiki pumzi hiyo. Kimvita hutenganisha pia *t* ya meno na *t* ya ufizi, na abjadi ya Kirumi iliyokubaliwa ina *t* moja. Mhariri aliyehamisha shairi la Muyaka kutoka hati moja kwenda nyingine aliziba matundu kadhaa na kutoboa mengine. Aliyejifunza Kiswahili kwa maandishi peke yake hana habari na yale yaliyotobolewa.

Wajibu wa Mhariri na Mhakiki

Hoja hizi zina matokeo ya moja kwa moja kwa uhakiki unaofanywa vyuoni. Katika miongo mingi ya mafunzo ya fasihi ya Kiswahili, imezoeleka kujenga tafsiri ya ubeti juu ya neno moja: taswira yake, mguso wake, uhusiano wake na neno lililo katika ubeti wa jirani. Mbinu hiyo ni halali. Lakini neno hilo likiwa liko katikati ya kipande, na umbo lake katika mswada likiwa na *ba*, *fa* au *ghaini*, basi mhakiki anapaswa kwanza kuuliza ni nani aliyelichagua. Tafsiri iliyosimama juu ya *nguvu* haina budi kujua kama *gofu* liliwezekana pale.

Upande wa pili kuna hatari iliyo kinyume. Mtu akiisha kugundua kwamba umbo moja husomwa kwa njia nne, anaweza kushawishika kuzipokea zote nne kama utajiri wa shairi, na kudai kwamba mshairi alikusudia baba, papa, pamba na bamba kwa pamoja. Dai hilo haliwezi kukubaliwa kirahisi. Mshairi alitunga kwa sauti, na katika sauti kulikuwa na neno moja. Wingi ulizaliwa katika karatasi. Hapa ndipo ulinganisho na alama ya Kijapani unapofikia kikomo: mwandishi wa Kijapani huweza kucheza na masomo ya 生 kwa makusudi, kwa kuwa maana zake ni jamaa moja na msomaji anaziona zote. Masomo ya *ba* si jamaa. Yamekutana kwa ajali ya abjadi, kama wapangaji wa nyumba moja wasiojuana. Kuwaita ndugu ni kuwasingizia.

Njia ya kati ipo, na inahitaji kazi kuliko ubunifu. Toleo la utendi wa kale lingefaa kuonyesha, kando ya matini, kila mahali ambapo mhariri alikuwa na uchaguzi wa kweli: umbo lilivyo katika mswada, masomo yanayowezekana, na sababu ya kulichagua moja, iwe ni mizani, kina, mswada mwingine au kauli ya msomaji mwenyeji. Wajapani wana desturi ya kuandika herufi ndogo za sauti pembeni mwa alama ngumu, ili kumwongoza msomaji bila ya kuifuta alama yenyewe. Toleo la namna hiyo lingefanya kazi kama hiyo: lingemsomea msomaji, lakini lisingemficha kwamba amesomewa. Aidha, mwanafunzi wa shahada ya juu anayekusudia kuandika juu ya ushairi wa kabla ya karne ya 20 angefaa kujifunza hati ya Kiarabu kama sehemu ya mafunzo yake. J. W. T. Allen alitoa mwongozo wa hati hiyo kwa wanafunzi wa Kiswahili mwaka 1945, na miswada iliyokusanywa Dar es Salaam na London inawasubiri wasomaji. Muda wa kuisoma herufi hizo pamoja na watu waliolelewa nazo si mrefu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba herufi yenye sauti nyingi katika miswada ya Kiswahili haikuwa dosari iliyowashinda waandishi wa pwani. Ilikuwa sehemu ya mkataba: mwandishi aliandika nusu, msomaji akaleta nusu. Mizani na vina vililinda baadhi ya silabi, na sikio la jamii likalinda zilizobaki. Mkataba huo ulivunjika matini zilipopelekwa kwa wasomaji wasiokuwa na sikio hilo, na mahali pa sikio pakachukuliwa na uamuzi wa mhariri, uliochapishwa bila ya kujitaja.

Kwa hiyo swali la kihistoria na swali la kiuhakiki ni swali moja. Mswada ulioandikwa *ghaini* na *fa* hausemi wenyewe kama unataja nguvu au gofu. Waliojua walisema, wengine wao wakaandikiwa, na wengi wakaenda na ujuzi wao. Kazi iliyobaki kwa wahakiki ni kupambanua, katika kila toleo, ni wapi anasikika mshairi na ni wapi anasikika aliyemsomea, kabla ya kuyajengea maneno yao nyumba ya nadharia.